Mwamba wa moto chini ya Afrika Mashariki unapitaje mageti ya kilomita 660 na 410?

Ukipanda SGR Mombasa unaanzia usawa wa bahari, ukishuka Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu, na mtu akiendelea hadi Addis Ababa anafika mita 2,300 na ushee. Na hapo si kwamba kuna mlima mmoja umeupanda, ni nchi yenyewe imenyanyuka, kuanzia Ethiopia ukashuka Kenya, Uganda mpaka Tanzania, imeinuliwa yote halafu Bonde la Ufa likapasuka katikati yake. Nani ameibeba nchi kubwa hivyo? Wanajiolojia wengi siku hizi wanasema kuna mwamba wa moto unapanda kutoka chini kabisa, kule mantili inapopakana na kiini cha dunia, karibu kilomita 2,890 kwenda chini. Hilo wengi wameshalisikia. Ila kuna sehemu ya habari hii haielezwi sana na mimi naona ndo yenye utamu wenyewe, kwamba ule mwamba haupandi tu kwa sababu una moto basi, njiani, kwenye vina fulani ninavyoviita mageti, madini yake yanajibadilisha mara kadhaa, na kila badiliko ama linausukuma uende haraka ama linaukaba.

Kwanza tuweke sawa jambo moja manake linachanganya watu wengi sana. Mantili, yaani lile tabaka nene kati ya ganda tunalokanyaga na kiini, si bahari ya lava. Ni mwamba mgumu. Tunajua hivyo kwa sababu mawimbi ya tetemeko ya aina ya S hayapiti kwenye kimiminika, na kwenye mantili yanapita vizuri tu. Lakini mwamba mgumu ukiwa na moto wa kutosha na ukapewa mamilioni ya miaka unatiririka, sentimita chache kwa mwaka, na sehemu iliyo na moto kuzidi jirani zake inatanuka kidogo, inakuwa nyepesi, inaanza kupanda. Hiyo nguzo inayopanda ndo inaitwa plumu. Inazidi jirani zake kwa nyuzi za Selsiasi 200 hadi 300 hivi, si zaidi sana, na kuyeyuka inayeyuka mwishoni kabisa ikishakaribia juu. Safari karibu yote inapanda ikiwa mwamba mgumu.

Sasa madini kujibadilisha maana yake nini? Mfano tunao hapa hapa Tanzania. Grafiti ya Mahenge kule Ulanga ni kaboni. Almasi ya Mwadui, Shinyanga, nayo ni kaboni. Hakuna kilichoongezwa wala kupunguzwa, tofauti ni atomi zimepangwaje. Grafiti imepangwa kwa karatasi karatasi zinazoteleza, ndo maana inaandika kwenye penseli, na densiti yake, yaani uzito wa kila sentimita moja ya ujazo, ni kama gramu 2.2, almasi imefungwa pande zote na inafika 3.5. Ukiishindilia kaboni kwa presha kubwa inaona bora ijipange kialmasi manake huko inachukua nafasi ndogo. Ni kama konda wa daladala akishapiga kelele "songeni nyuma jamani, simameni kiupande", abiria ni wale wale, gari ni lile lile, ila wamejipanga upya na nafasi imepatikana.

Kwenye mantili ya juu madini makubwa ni olivini, ya kijani kama zeituni, yanachukua karibu asilimia 60 ya mwamba. Ukitaka kuyaona kwa macho si lazima uchimbe, volkano ya Lashaine karibu na Monduli ilitapika vipande vya mantili vikiwa vizima na olivini yake inaonekana. Hii olivini ukiishusha hadi kilomita 410, presha ikafika kama gigapaskali 14, yaani mara laki moja na arobaini elfu ya presha ya hewa, atomi zake zinajipanga upya inakuwa wadsleiti. Ukifika 520 inageuka tena inakuwa ringwooditi. Halafu kwenye 660, gigapaskali 23 na kitu, ringwooditi inavunjika kabisa inatoa madini mawili, bridgmaniti na periklezi yenye chuma. Hapo 660 ndo kazi nzito, kwa sababu mpaka hapo kila atomi ya silikoni ilikuwa imezungukwa na oksijeni 4, na ndani ya bridgmaniti inazungukwa na 6. Mwamba unakuwa mzito kwa mkupuo. Pale 410 densiti inaruka kama asilimia 5, pale 660 inaruka kati ya asilimia 8 na 10.

Wazo lenyewe la olivini kujipanga upya chini ya presha ni la zamani, mwanafizikia J. D. Bernal alilipendekeza 1936, na kuanzia miaka ya 1960 Ted Ringwood wa Australia akaanza kuyatengeneza haya madini maabara. Ya asili yalipatikana kwanza, amini usiamini, kwenye mawe yaliyoanguka kutoka angani. Kimondo cha Tenham kilichoanguka Queensland mwaka 1879 kilikuwa kimegongwa vibaya huko angani, na ile presha ya kugongwa ikatengeneza ringwooditi, iliyotambuliwa 1969, na bridgmaniti, ambayo ilipewa jina rasmi mwaka 2014 tu. Yaani madini yaliyo mengi kuliko yote duniani yalikaa miaka na miaka bila jina.

Haya, sasa twende kwenye kiini cha mambo. Hizo namba 410 na 660 ni za mwamba wenye joto la kawaida. Mwamba ukiwa na moto zaidi mipaka inasogea, na haisogei upande mmoja. Pale 410 joto linapendelea umbo jepesi, olivini, kwa hiyo ukitaka kuigeuza wadsleiti ikiwa na moto lazima uongeze presha, mpaka unashuka chini. Pale 660 ni kinyume, joto linapendelea umbo zito, kwa hiyo bridgmaniti inaweza kuwepo hata presha ikiwa ndogo kidogo, mpaka unapanda juu. Kiasi cha kusogea kinatokana na namba inayoitwa mteremko wa Clapeyron, ya huyo mhandisi Mfaransa wa karne ya 19, inayosema presha ibadilike kiasi gani kwa kila nyuzi moja ya joto. Kwa 410 ni chanya, tuchukue megapaskali 3 kwa nyuzi (megapaskali elfu moja ni gigapaskali moja). Kwa 660 ni hasi, tuchukue 2 hasi, ingawa maabara mbalimbali zimepata kuanzia nusu hadi karibu 3.

Tupige hesabu, haiumi. Plumu imezidi jirani zake kwa nyuzi 250. Pale 410, 250 mara 3 ni megapaskali 750, na kina hicho kila kilomita moja inaongeza presha ya megapaskali 36 hivi, gawanya unapata kama kilomita 20. Kwa hiyo ndani ya plumu geti la 410 liko 430. Pale 660, 250 mara 2 ni 500, gawa kwa 40 unapata kilomita 12 na ushee, geti limepanda mpaka 647 au 648. Ukiangalia tabaka la kati ya mageti hayo mawili, kwa kawaida lina unene wa kilomita 250, ndani ya plumu limebaki 217 hivi. Shika hiyo namba tutaihitaji.

Sasa fikiria plumu inapanda. Inafika 660, jirani zake kwa pembeni wakishavuka hapo tayari ni ringwooditi, wepesi, yenyewe bado ni bridgmaniti kwa kilomita nyingine 12, nzito kuliko mwamba unaoizunguka kwa asilimia 8 au zaidi. Wakati huo ule wepesi wake wote unaotokana na joto ni kama asilimia 0.7 tu, manake mwamba hautanuki sana ukipashwa moto. Kwa hiyo kile kipande cha kilomita 12 kinavuta chini kwa nguvu inayotosha kufuta wepesi wa kama kilomita 140 za nguzo. Hiyo ndo breki. Ikifika 410 mambo yanageuka, yenyewe ishakuwa olivini kilomita 20 kabla ya jirani zake, kwa hizo kilomita 20 ni nyepesi kwa asilimia 5 zaidi yao, na hiyo ni kama umeiongezea nguzo kilomita 140 za bure za kuisukuma juu. Geti moja linakaba, geti lingine linasukuma, na madini yanayoanzisha yote ni yale yale, olivini.

Kuna na suala la joto la mabadiliko yenyewe, manake madini yakijigeuza yanatoa joto au yanakula joto. Ukipanda kupitia 660 mwamba unatoa joto, plumu inapata nyuzi kadhaa za ziada, ukipanda kupitia 410 unakula joto, inapoa. Ni kinyume kidogo na ile hesabu ya uzito na ndo maana watu wanachanganyikiwa wakisoma, lakini kwa ukubwa ile ya uzito ndo inaamua zaidi.

Breki ya 660 ilizua ubishi mkubwa miaka ya 80 na 90. Mwaka 1985 Christensen na Yuen walionyesha kwa kompyuta kwamba ule mteremko ukiwa hasi vya kutosha, mantili inaweza kugawanyika vipande viwili, ya juu inazunguka kivyake na ya chini kivyake, plumu za chini zinagonga 660 zinatandaa hapo kama zimefungiwa. Mwaka 1993 Tackley na wenzake wakatengeneza modeli ya dunia nzima ya duara, wakaona si kufungiwa kabisa, mwamba baridi unajikusanya juu ya 660 mpaka unazidi, halafu unaporomoka kwa mkupuo kwenda chini. Nguzo za moto zenyewe hazikuwa na shida kubwa hivyo ya kupita.

Na ukirudi kwenye hesabu yetu utaona kwa nini. Breki inafuta kilomita 140 za nguzo, sawa, lakini plumu iliyotoka kwenye kiini ina nguzo ya zaidi ya kilomita 2,000 chini yake inasukuma. Inapunguzwa mwendo, inatanuka pale chini ya geti, halafu inapita. Anayepata shida ni kijiplumu kidogo, tone la moto lenye unene wa kilomita mia moja hivi bila mkia wa kulisukuma, hilo linaweza kukwama kweli na kutandaa chini ya 660 kwa muda mrefu. Kwa hiyo swali "plumu zinapita au hazipiti" mimi naona liliulizwa vibaya tangu mwanzo, ilitakiwa kuuliza plumu ya ukubwa gani na ya moto kiasi gani.

Moto kiasi gani ni muhimu kwa sababu nyingine ambayo inasahaulika sana, garneti. Olivini ni asilimia 60 ya mwamba, kuna 40 iliyobaki, na sehemu kubwa ya hiyo kwenye kina hiki ni garneti, aina nyingine ya madini. Garneti nayo inageuka kuwa bridgmaniti karibu na 660 lakini mteremko wake ni chanya, kama ule wa 410. Mwaka 2002 Hirose alionyesha kwamba mwamba ukizidi nyuzi 1,800 hivi, ringwooditi haiendi tena moja kwa moja, garneti ndo inashika usukani, na geti zima linaanza kufanya kazi kinyume, badala ya kukaba linasaidia. Kawaida kina cha 660 kina nyuzi kama 1,600, ongeza 250 za plumu unapata 1,850. Umeona? Plumu yenye moto wa kutosha inafika kwenye breki na kukuta breki imelegea au imeondoka kabisa. Plumu ya vuguvugu ndo inakabwa. Hii kwangu ni moja ya mambo mazuri zaidi kwenye jiolojia yote, kwamba joto la mwamba lenyewe linachagua sheria itakayoutawala.

Halafu kuna vitu vya chini zaidi. Karibu kabisa na kiini, kilomita 2,700 hivi, bridgmaniti inageuka tena inakuwa kitu kinaitwa posti-perovskaiti, iligunduliwa 2004 na Murakami, Hirose na wenzao Japani. Mteremko wake ni chanya na ni mkali, kwa hiyo unasaidia mwamba wa moto kuchomoka pale chini na kuanza safari. Na kilomita kama 1,000 kuna jambo lingine, mwaka 2015 French na Romanowicz walichora picha ya mantili kwa mawimbi ya tetemeko wakaona plumu kubwa zikiwa nene sana huko chini, mamia ya kilomita, zikifika usawa wa 1,000 nyingi zinapinda na kukonda. Hapo hakuna madini makubwa yanayobadilika, kwa hiyo wengi wanafikiria ni ugumu wa mwamba wa kutiririka, manake mantili ya chini inanata mara kumi hata mia kuliko ya juu. Si kila kitu ni mageti.

Tunajuaje haya yote na hakuna aliyewahi kuchimba hata kilomita 13? Mawimbi ya tetemeko. Tetemeko likitokea mbali, tuseme Indonesia, wimbi la P linapiga hadi huku, na likigonga ule mpaka wa 660 au 410 likitokea chini, sehemu yake ndogo inageuka kuwa wimbi la S. S ni polepole kuliko P, kwa hiyo kwenye kipima mitetemo inafika ikiwa imechelewa makumi ya sekunde, na huo ucheleweshaji ukiugeuza unapata kina cha mpaka. Shida ni kwamba kama mwamba wa juu una moto, mawimbi yanachelewa tu yenyewe na mipaka yote miwili itaonekana iko chini kuliko ilivyo kweli. Ndo maana wajuzi wanaangalia zaidi unene kati ya mipaka miwili, ile namba ya 250 na 217, kwa sababu ucheleweshaji wa huku juu unaigusa mipaka yote karibu sawasawa na ukitoa moja kwa nyingine unaondoka.

Mwaka 1998 Shen na wenzake walipima hivyo Iceland wakakuta tabaka limekonda pale pale chini ya kisiwa, wakasema plumu imetoka mantili ya chini. Huku kwetu mwaka 2013 Gabriel Mulibo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na Andrew Nyblade wa Pennsylvania State walitumia vipima mitetemo vilivyotandazwa Tanzania na nchi jirani, wakakuta tabaka limekonda chini ya eneo kubwa la Afrika Mashariki, wakahitimisha kwamba plumu kubwa inapita mantili nzima, kutoka chini mpaka juu. Eneo kubwa, si tundu moja jembamba, na hilo linalingana na ule mlima mkubwa wa mwamba wa moto ulio chini ya kusini mwa Afrika kwenye mpaka wa kiini, ambao wataalamu wameupa jina Tuzo, na ambao kwenye picha za mawimbi unaonekana umelala ukipanda kuelekea kaskazini mashariki, yaani unakuja huku.

Ila unene wa tabaka hautegemei joto peke yake, kuna maji. Si maji ya kunywa, ni haidrojeni iliyojificha ndani ya madini. Wadsleiti na ringwooditi zinaweza kubeba maji hadi asilimia 2 au zaidi ya uzito wake, olivini na bridgmaniti hazibebi karibu kitu. Mwaka 2014 Graham Pearson wa Chuo Kikuu cha Alberta alitangaza kipande cha ringwooditi ndani ya almasi ya Juína, Brazili, kina maji kama asilimia 1.5. Kwa hiyo mwamba wenye maji ukivuka 410 kwenda juu, olivini inashindwa kuyabeba, maji yanatoka, na maji yanashusha kiwango cha kuyeyuka, mwamba unayeyuka kidogo pale pale juu ya geti hata kabla haujafika karibu na uso. Bercovici na Karato walilijengea hoja hili mwaka 2003, wakasema 410 inafanya kazi ya chujio. Na kule Afar, Ethiopia, mwaka 2015 Thompson na wenzake walitafsiri walichokiona kwenye mawimbi kuwa mwamba unaopanda huko una maji. Maji yanasogeza geti la 410 juu, joto linalisogeza chini, kwa hiyo ukiona 410 imekaa kawaida usikimbilie kusema hakuna plumu, inawezekana hivyo viwili vimefutana.

Ikishapita 410 plumu haina geti kubwa tena mpaka ikifika chini ya bamba letu, lile tabaka gumu la juu linalobeba bara, na pale Tanzania inakutana na mzizi wa kratoni, mwamba wa zaidi ya miaka bilioni 2.5 wenye unene wa kama kilomita 200 chini ya Tabora, Shinyanga na Mwanza. Haiwezi kuutoboa. Inatandaa chini yake na kutokea pembeni, ambako bamba ni jembamba, presha inashuka vya kutosha na hapo ndo mwamba unaanza kuyeyuka kweli kweli. Ndo maana volkano ziko mashariki, Kilimanjaro, Meru, Oldoinyo Lengai, na magharibi, Virunga ikiwemo Nyiragongo, halafu katikati karibu hakuna kitu. Kusini, mahali mikono miwili ya Bonde la Ufa inapokutana, iko Rungwe, na huko mwaka 2011 Hilton na wenzake walipima gesi ya heli ndani ya miamba ya volkano wakapata uwiano wa heli-3 kwa heli-4 unaofika karibu mara 15 ya ule wa hewa. Mantili ya juu ya kawaida, ile inayolisha volkano za katikati ya bahari, huwa karibu mara 8. Heli-3 ya kiasi hicho haitengenezwi huku juu, imebaki chini tangu dunia inaumbika, kwa hiyo sehemu ya kile kilichotapikwa Rungwe kilivuka 660 na 410 kabla ya kufika Mbeya.